Kitabu Ndani ya Maharage ya Mbegu

Nianze kwa kumshukuru Mungu, ambaye katika uzee huu ameniachia macho ya kusomea, ingawa kwa msaada wa miwani, na nyumba hapa Moshono ambamo wajukuu huingia bila kubisha hodi. Jina lake lisifiwe kwa yote mawili.

Mwanangu, wiki hii nilimkuta mjukuu wangu sebuleni akisoma hadithi kwenye simu. Aliponiona akaigeuza kifudifudi na kunipa shikamoo ya haraka mno. Nikamuuliza anasoma nini. "Mambo ya shule tu, babu." Sikumbishia. Uso ule naujua, maana niliwahi kuwa nao.

Naikumbuka Jumapili moja ya mavuno kijijini kwetu, chini ya Mlima Meru, nilipokuwa mwanafunzi wa kipaimara. Siku ya kipaimara yenyewe, ya kuthibitishwa imani mbele ya kanisa, ilikuwa imekaribia. Mama alikuwa amekwisha kunishoneshea suruali, na shangazi zangu wa Sombetini walikuwa wameahidi kuja. Mwinjilisti wetu, mtu mwema aliyetufundisha kwa uvumilivu mkubwa, alikuwa ametuonya kwamba atakayekutwa na vitabu vya kidunia atasubiri mwaka mwingine. Nami nilikuwa nacho kimoja.

Kilikuwa kitabu cha ajabu, sikufichi. Mpelelezi wake alianguka kutoka kwenye ndege, akatua juu ya lori la pamba, akajipangusa na kuendelea na safari. Alipigwa risasi akazikwa, na sura iliyofuata alikuwa hotelini anakunywa chai. Sikuamini hata neno moja, wala sikuweza kukiacha. Nikiwa nakata majani ya ng'ombe, nilikuwa nawaza atatokaje kwenye sanduku la chuma lililotupwa ziwani.

Nilikificha ndani ya kikapu cha maharage ya mbegu, nikijua mbegu haziguswi mpaka mvua zije. Sikujua kwamba mama, kwa kuwa mwaka ule tulibarikiwa mavuno mazuri, alikuwa ameahidi moyoni kumtolea Mungu kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Jumapili ile alikibeba kikapu kama kilivyokuwa, akakiweka mbele ya madhabahu, na mchungaji akakiombea.

Desturi yetu unaijua. Baada ya ibada, sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa: ndizi, kuku, maziwa, kila kilicholetwa. Aliyenadi siku ile alikuwa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa aliyependa utani. Alitumbukiza mkono kwenye maharage ili watu waone mbegu zilivyojaa, na mkono ukatoka na kitabu. Kwenye jalada, mwanamume alikuwa ananing'inia kwenye helikopta kwa mkono mmoja, bastola kwenye mkono wa pili, na tai yake imenyooka vizuri.

"Jamani," akasema Mzee Anaeli taratibu, "mama huyu ametuletea maharage pamoja na mlinzi wake."

Watu wakacheka. Mwinjilisti hakucheka. Akamgeukia mama. "Mama, hiki ni cha nani?"

Mama alikitazama kitabu, kisha akanitazama mimi. Akaanza kutikisa kichwa. Nikaelewa kwamba alikuwa karibu kusema hajui, yeye ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo popote, na kwamba angeusema kwa ajili yangu.

"Ni changu, Mwinjilisti," nikasema.

"Basi kichomwe. Na habari yako itazungumzwa kwenye baraza la wazee."

Hapo nikaona wenzangu wanapokea kipaimara na mimi nimekaa benchi la nyuma.

Mzee Anaeli akatikisa kichwa. "Kukichoma hatuwezi, Mwinjilisti. Kikapu kimeshaombewa na vyote vilivyomo. Sadaka inanadiwa." Akataja bei yeye mwenyewe. Mama mmoja wa kwaya akapandisha bei: "Na mimi namtaka huyo wa helikopta, aje anichumie kahawa." Mwishowe mzee akakipata, pamoja na maharage.

Kesho yake akaniita nyumbani kwake. Nilikwenda nikitegemea fimbo. Nilimkuta ameketi barazani, mkewe akimenya ndizi, kitabu kiko juu ya stuli.

"Macho yangu hayafai tena," akasema. "Nisomee. Siwezi kumhukumu mtu ambaye sijamsikia."

Nikasoma. Nilipofika kwenye lori la pamba, mkewe aliweka kisu chini.

"Hakuvunjika hata mguu?"

"Hapana, bibi."

"Mimi niliteleza kwenye mfereji huo hapo nyuma, nikalala kitandani mwezi mzima."

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Endelea, kijana. Huyu ana wivu."

Nikawa narudi kila jioni mpaka tukakimaliza. Na kitabu kile, ambacho nilikuwa nakisoma zizini huku sikio moja likisikiliza hatua za mama, kilikuwa kitamu zaidi pale barazani.

Baraza la wazee lilipokaa, nikaitwa. Mzee Anaeli akasema, "Nimekisikia chote. Ni uongo mtupu. Mwandishi anajua ni uongo, na msomaji anajua. Aliyefichwa jambo hapa ni mama yake peke yake, na mtoto amelitengeneza hilo mbele ya usharika mzima. Naomba apokelewe."

Mwinjilisti alinigeukia. Akaniuliza kama nimemwomba mama msamaha. Nikasema nimemwomba. Akaniambia nitaje amri kumi na maelezo yake, nikazitaja, naye akanisahihisha mahali pamoja.

"Ajiandae na wenzake," akasema.

Mwanangu, akili nayo huchoka kama mgongo, na Mungu aliyeweka siku ya kupumzika hakuchukii ukifurahia hadithi isiyowezekana. Maliza kazi yako kwanza, walishe ng'ombe, kisha soma. Ila jiulize: je, naweza kuisoma hii kwa sauti mbele ya wanaonipenda? Kama unachoogopa ni kuchekwa tu, isome. Watacheka, na wewe utacheka nao. Kama unaona inakuchafua moyo, iache, hata kama hakuna anayekuona. Na usimweke mama yako mahali pa kusema uongo kwa ajili yako.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akubarikie kazi ya mikono yako, na kazi ikiisha akupe mahali pa kukaa, mwanga wa kutosha, na mtu wa kumsomea. Amina.