Magunia Yaliyokunjwa

Niliporudi kutoka msibani Mwaya nilikuta magunia yamekunjwa vizuri, yamepangwa chini ya mnara, na zege la juu limekauka na kuwa jeupe. Lile lilikuwa zege la kubeba tangi la maji la zahanati, pale Lyulilo, na chini yake ndipo akina mama wangepita kwenda kliniki na watoto mgongoni. Lilitakiwa kukaa siku saba chini ya magunia yaliyolowa, maana zege likikauka upesi hupasuka na kukosa nguvu. Lilikaa siku moja tu.

Msimamizi wa ujenzi nilikuwa mimi, na niliyemwachia kazi ya kumwagilia alikuwa mama yangu mzazi, mfinyanzi wa Ikombe, aliyekuja kunipikia. Nilimwambia amwage maji asubuhi na jioni. Sikumweleza kwa nini, na hilo ni kosa langu, maana mtu aliyefinyanga miaka yote ile anajua jambo moja kuhusu kitu kibichi: kinaachwa kikauke.

"Nililionea huruma," aliniambia. "Mmelilowesha kama vile hamtaki likomae."

Nilimfokea. Nilijuta papo hapo, na bado nikaendelea.

Kisha nikapanda ngazi. Nyufa zilikuwa nyembamba mno, mtu angedhani ni unywele. Nikashuka, nikapanda tena. Kilichonikosesha raha zaidi hakikuwa huko juu, kilikuwa ndani ya pipa: vipande sita vya zege lile lile, nilivyovimimina katika visanduku siku ya kumwaga, vimelala majini vikisubiri kupelekwa maabara Mbeya vipimwe nguvu kwa niaba ya zege la juu. Vyenyewe havikukosa maji hata saa moja. Vingefaulu. Mhandisi angesoma karatasi ya majibu, angesaini, na hakuna ambaye angejua. Niliuzunguka ule mnara mpaka mama akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza yote, hata hilo la karatasi.

Akaenda kuchungulia pipa.

"Mimi mteja akija sokoni," akasema, "namgongea chungu kile kile anachokwenda nacho nyumbani, asikie kama ni kizima. Simgongei kingine."

Nikampigia simu mhandisi, nikamwambia zege limekauka kabla ya siku zake. Swali lake la kwanza lilikuwa nani aliyeondoa magunia. Nikasema ni mimi. Alikuja na kifaa chake cha kupimia, akaligonga zege mahali pengi, akaamuru livunjwe. Siku zote za kuvunja sikuweza kukaa karibu na zile nyundo, wala kukaa mbali nazo.

Tulipomwaga jipya, mama alipanda na ndoo yake kila asubuhi na kila jioni. Siku ya nane nilishika gunia la kwanza ili nilikunje. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Liache na leo," akasema.