Gari la Kanisa na Kiu Yake

Namshukuru Mungu kwa mengi, na mojawapo ni mkono wa mtu ambaye hakunipenda.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa dereva wa kanisa letu upande wa Mogogosiek. Gari lilikuwa kuukuu, tuliachiwa na wamishenari. Mimi nilikuwa nimehamia huko kutoka milima ya Kisii. Mtunza hazina wa kanisa alikuwa mgeni pia, ametoka upande wa ziwa, na kazi yake ilikuwa kusimamia chumba cha kukaushia majani katika kiwanda cha chai. Ugeni haukutupatanisha. Yeye alinunua petroli, mimi niliitumia, na petroli ilianza kwisha upesi kuliko zamani.

"Ndugu dereva," aliniambia mbele ya watu baada ya ibada, "gari hili linakunywa kuliko walevi wa busaa. Au kuna mwingine anayelisaidia kunywa?"

Watu walicheka. Mke wangu alipokwenda mtoni, akina mama walimuuliza kama ugali wetu siku hizi haunuki petroli. Alirudi na mtungi nusu, akaukita chini kwa kishindo.

Nilifanya nililolijua. Nilifungua plagi nikazikuta nyeusi kwa masizi makavu. Nikazisugua, na baada ya siku chache zikawa nyeusi tena. Moshi wa nyuma ulikuwa mweusi, wenye harufu kali. Nililipeleka kwa fundi, akalala chini yake, akapapasa mipira na tangi, akasema hakuna tone linalovuja. Maneno hayo yakawa ushahidi dhidi yangu.

Mtunza hazina alitia kufuli kwenye kifuniko cha tangi, ufunguo akauweka katika koti lake. Petroli ikaendelea kwisha.

"Ana njia ya chini," aliwaambia wazee wa kanisa. "Mwizi hakosi mpira wa kunyonyea."

Wazee waliamua nitubu kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana. Nisipotubu, nisiguse mkate wala kikombe mezani, na funguo za gari nizirudishe. Kazi ningeweza kuililia kidogo, kisha nikachuma chai kama wengine. Lakini kukaa kwenye benchi mkate ukinipita, watoto wangu wakitazama! Na kutubu nisilolitenda kungekuwa kumdanganya Mungu nyumbani kwake. Nilikataa.

Katikati ya juma hilo wazee walitakiwa kwenye mazishi Longisa. Wengine walitangulia, mtunza hazina akapanda gari pamoja nami, si kwa ajili ya marehemu bali kunichunga. Hakunisalimu. Kwenye mlima gari likaanza kukohoa, likatapika moshi mweusi, likasimama.

"Vizuri," akasema akiteremka. "Hapa hakuna wa kukusaidia kuficha. Fungua boneti. Kila kitu nitakiona leo."

Alivua koti la mazishi, akaanza kuchokora kama anayetafuta nyoka. Akavuta huu mpira, akanusa ule. Kisha akagonga kopo la mviringo lililokaa juu ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa.

"Humu umeweka nini?"

"Ni la kuchujia hewa, mzee. Petroli haipiti humo."

"Ndiyo maana hutaki nilifungue. Fungua!"

Nililifungua kwa hasira. Mahali pa wavu wa waya wenye oili kidogo palikuwa na donge nene la rangi ya kahawia, limeshikana kama blanketi lililolowa. Akalichomoa kwa vidole, akalipeleka puani. Hata mimi niliisikia harufu. Ilikuwa chai.

Yeye ndiye aliyetuombea ruhusa gari lilale nyuma ya chumba chake cha kukaushia, kwa sababu asubuhi za kule ni baridi na lilikuwa gumu kuwaka. Ukuta ule ulikuwa na joto, na kila asubuhi niliacha injini ingurume pale, nikiwangoja watu wa kanisa watoke zamu. Lakini feni za kiwanda zilitupa nje lile vumbi jepesi la chai lenye nyuzi, na injini ililivuta. Iliposongwa, ikakosa hewa, ikawa inakunywa petroli nyingi bila kuiunguza yote. Sote tulitafuta petroli inatorokea wapi. Hakuna aliyeuliza hewa inaingilia wapi.

Nilisafisha kopo, nikalirudisha, nikawasha. Mlima tuliupanda bila moshi.

"Hata hivyo," akasema tulipokaribia Longisa, "dereva ndiye mwenye gari. Ungeangalia."

"Na ukuta ni wa nani, mzee?"

Akalivaa tena koti la mazishi. Kwa wazee alisema tu kwamba uchafu umepatikana, nao wakaacha kudai toba yangu. Hakusema uchafu gani, na sikumsaidia kusema.

Jumapili yeye ndiye aliyebeba sinia la mkate. Alipofika kwenye benchi letu alinyoosha mkono akitazama dirisha. Mke wangu alinigusa kiwiko. Nilichukua, nikala, nikamshukuru Mungu aliyeutumia mkono huo huo kunitoa aibu.

Usiku ule gari lililala nje kwenye baridi, mbali na ukuta wa kiwanda, na asubuhi likakataa kuwaka. Mtunza hazina alikuwa wa kwanza kuteremka kusukuma. Hakunisalimu.