Valvu ya Inchi Moja

Mie wivu ninao, na hata siku hizo sikuuficha. Mume wetu alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha barafu pale Kilindoni, miaka ile ya Ujamaa ambapo kila mtu alikuwa ndugu, hata yule anayekutia roho juu. Nyumba yangu mie, mke mkubwa, ilikuwa juu, njia ya kwenda Baleni. Ya mwenzangu aliijenga bondeni nyuma ya kiwanda, ati awe karibu na kazi. Karibu na kazi, sawa. Na nyuma ya kiwanda ndipo lilipotokea bomba la maji ya vuguvugu.

Maji yenyewe yalikuwa hivi. Mashine ya barafu hutoa gesi yenye joto, na gesi hiyo hupitishwa kwenye kondensa, pipa refu la chuma, ambamo maji ya kisima hupita yakaibeba hari yote. Maji yanaingia baridi, yanatoka vuguvugu, safi, hayana hata harufu, yanamwagika kwenye mfereji. Mfereji ulipita mlangoni kwa mwenzangu. Mie nateka kwa ndoo na kamba mpaka viganja vimeota sugu; yeye anaogesha mtoto bila kuwasha kuni, anafua amekaa, kapanda mchicha na bamia kando kando. Wanawake wa mtaa mzima wakawa wanabeba nguo zao kwenda kwake. Wakinipita njiani na makarai yao kichwani walinisalimu vizuri tu, nami niliitikia vizuri tu, moyo unachemka.

Katika mengine sina la kumshitaki bwana yule. Zamu zilikuwa zamu, hakuruka hata moja. Akinunua doti ya khanga kwangu, na kwake doti ile ile, rangi ile ile. Sukari, ambayo siku zile uliipata kwa bahati, aliipima kwa kikombe kimoja, huku na huku. Watu walimsifu kwa uadilifu wake. Lakini maji ya mfereji hayakupimwa kwa kikombe.

Basi dizeli ikawa ya shida, pampu ya kisima haiwezi tena kujaza tangi kila ikitakiwa. Koki ya kondensa ilikuwa ya mkono, imeachwa wazi tangu mashine ilipofungwa, maji yanakwenda mashine ikifanya kazi na isipofanya. Meneja akatoa amri ikanunuliwe Dar es Salaam valvu ya kujiendesha, ile yenye kijibomba chembamba kinachoonja nguvu ya gesi: gesi ikipata joto inaisukuma valvu inafunguka, gesi ikipoa springi inaifunga. Kwa hiyo maji yanapita kwa kadiri ya haja, na mashine ikizimwa hayapiti kabisa. Kilichobaki ni kujua saizi.

Mume wetu akaja kwangu, tena siku ambayo haikuwa zamu yangu. Nilifurahi mno. Mie nilikuwa nimesoma, na jioni nafundisha kisomo cha watu wazima. Yeye mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa changu, ila kugawanya kulimshinda. Tukakaa barazani, chaki mkononi, saruji ndiyo ubao wetu. Nilitamani mtu apite toka bondeni atuone.

Akanieleza kwamba mafundi wengi hukosea hapo: wanaona bomba la inchi moja, wananunua valvu ya inchi moja. Valvu, alisema, hainunuliwi kwa kutazama bomba. Kwanza ujue mashine inatupa joto kiasi gani, halafu maji kiasi gani yatalibeba, halafu msukumo wa maji wenyewe. Tangi letu halikuwa juu sana, msukumo wake mdogo. Bomba linakula kidogo, kondensa inakula zaidi, kinachobaki ndicho cha valvu. Tukachukua wakati mbaya kuliko wote, adhuhuri ya kaskazi, tangi limefika nusu. Kisha tukaingia kwenye chati ya kitabu cha mashine tukatafuta valvu ndogo kuliko zote iwezayo kupitisha maji hayo. Nikapiga hesabu, nikarudia. Robo tatu ya inchi. Ya nusu ingeinyima mashine maji. Ya inchi moja isingetulia: ikifunguka kidogo tu yanapita mengi, gesi inapoa ghafla, inajifunga, inafunguka tena, kutwa ni hivyo.

Nilijua vilevile kwamba kwa robo tatu mfereji wa mwenzangu utapungua, na mashine ikizimwa utakauka. Sikuongeza tarakimu wala sikupunguza. Sikuwa na haja, hesabu yenyewe ilikuwa upande wangu.

Akasafiri, akarudi na doti mbili za khanga, sare, na valvu ndani ya boksi. Siku aliyoifunga nilimpelekea chakula kiwandani, nikaichungulia. Robo tatu kwenye bomba la inchi moja lazima iwe na vipunguzo, vile viungo vya kubana bomba, pande zote mbili. Havikuwepo. Valvu imekaa kwenye bomba mdomo kwa mdomo, na springi kailegeza ifunguke mapema, maji yawahi kutoka. Nilimuuliza. Akasema kila kitu kiko sawa, akaendelea kula wali wangu.

Siku ile ile bomba likaanza kugonga. Gu. Valvu imejifunga, maji yameshtuka ndani ya bomba. Kitambo kidogo, gu. Watu wakacheka, wakasema kiwanda kinabisha hodi. Mie niko jikoni kwangu kule juu, kila kishindo kimoja kinanipata kifuani, kwa sababu mtaa mzima nilikuwa peke yangu niliyejua bomba linagonga kwa ajili ya nani. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi. Na bondeni mchicha unanawiri.

Haikufika mbali. Siku moja dizeli ya pampu haikuja, na tangi ambalo lingetosha kwa siku nzima likakauka kabla ya alasiri. Kondensa ikakosa maji, gesi ikapanda, mashine ikajizima. Barafu ikayeyuka, na samaki wa wavuvi wa dago la Shungimbili, kambi yao ya uvuvi, wakaoza wote ghalani. Meneja akaitisha mkutano uani mwa kiwanda, na kila mtu alijua kwamba bwana wetu huenda akatoka pale bila kazi. Tulisimama upande wa wanawake, mie na mwenzangu, khanga zetu za sare.

Meneja akamwambia, “Ndugu fundi, robo tatu zilikuwepo dukani, nimeulizia. Ulichaguaje ya inchi moja?”

Nilingoja amtaje mwenzangu. Nilitaka amtaje mbele ya wavuvi wale, mbele ya wenye makarai, wajue samaki wao wameoza ili mtu mmoja asiwashe kuni. Njaa ningeivumilia, kwetu muhogo haukosekani.

Akasimama, akavua kofia yake. “Nilikosea hesabu,” akasema.

Loo. Mwanamume yule tangu anioe sijamsikia akisema amekosea. Aliezeka paa likakaa upande, akasema ardhi imehama. Alipoteza njia ya kwenda kwa wazazi wangu, akasema njia imehamishwa. Leo anajiita mjinga mbele ya mji mzima, na hesabu hakuikosea, maana hesabu nilipiga mie. Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona kwamba naye anajua.

Hawakumfukuza. Walimvua ufundi mkuu, wakampa kazi ya kubeba barafu. Ikaletwa robo tatu, ikafungwa na vipunguzo vyake, bomba likanyamaza, mfereji ukabaki kitone kitone. Nilidhani nitalala usingizi. Sikulala.

Zamu yangu ilipofika alikuja mchana, mabega yamelowa. Nilimwekea chakula, nikamuuliza. “Na mimi ungenikosea hesabu?”

Akatafuna, akameza. “Wewe tangu nikuoe hujaniomba kitu,” akasema. “Yeye aliniomba maji.”

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekusifu. Miaka yote ile nilijihesabu mke mwema kwa kuwa simsumbui. Hasira zikanipanda hadi macho yakaniwasha. Nikamwambia kama ni kuomba, basi leo naomba, achukue ndoo aende kisimani akaniletee maji.

Hakubisha. Akanawa, akachukua ndoo na kamba, akateremka jua kali, mwanamume mzima, wanawake wakampisha kisimani huku wamejiziba vinywa kwa khanga. Akarudi, akaitua mbele yangu, imejaa, haikumwagika. Ilikuwa ndoo moja. Mwenzangu alikuwa amepewa ufundi mkuu mzima, mie nimepewa ndoo moja, na nilipoinua macho nikaona kwamba mume wangu anaamini sasa ametulinganisha.