Serikali Haikutaka Ndizi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, sasa oneni nilivyotoka. Siku nilipoonyeshwa kipande cha ranchi ya serikali nilichokodishwa nilishie ng'ombe, nilibaki mdomo wazi. Nyasi zilikwenda mpaka mbingu inapoanzia! Afisa ardhi akatangaza, "Kila mpangaji aendeleze kiwanja chake. Asiyeendeleza atanyang'anywa."

Masikio yangu, yaliyolelewa kwa Kinyambo hapa Kihanga, yakasikia kibanja. Na kwetu kibanja ni shamba la migomba, basi.

"Serikali inataka ndizi?" mke wangu akashangaa.

"Mama Jeni, unabishana na serikali?"

Nikapanda machipukizi yetu bora. Udongo ule, ambao haukuwahi kuguswa na jembe, ukayapokea kwa namna ya kutisha. Mikungu ilikuwa mikubwa hata nikipita chini yake nanong'ona kama niko kanisani.

Wiki iliyopita afisa alikuja kukagua, wapangaji wenzangu wakimfuata. Alipoiona migomba alivua kofia.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," akasema polepole. "Ya nani?"

"Yangu!" nikajibu, kifua mbele. "Si ulisema tuendeleze kibanja?"

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Kiwanja, mzee wangu. Tena hili ni eneo la malisho, masharti yanakataza mazao ya kudumu. Uing'oe yote, au urudishe ardhi." Akatazama huku na huku. "Na ng'ombe wenyewe wako wapi?"

Ikabidi niseme mbele ya watu wote, "Wako nyumbani, wanakula maganda ya ndizi."