Sipandi Gari la Mkwe

Gari kubwa la mkwe wangu nililichukia tangu lilipoingia uani kwangu, huku Ushetu, likaponda matuta yangu ya viazi. Jeusi, refu, vioo vya giza, huoni aliyemo. Mgeni unatakiwa umwone anavyokuja ujue usimame wapi. Lile linakuja kama limekuja kukamata watu.

Mimi nimezoea gari dogo alilotuachia marehemu mume wangu. La zamani, mlango mmoja umefungwa kwa mpira, vioo unazungusha kwa mkono. Lilibeba maharusi, lilibeba wagonjwa, mwisho likambeba mwenyewe. Sasa analiendesha mwanangu wa kiume. Mkwe wangu hununua dhahabu kule Segese, na siku moja alimwambia mwanangu kwamba hilo si gari, ni kiberiti chenye magurudumu. Nilisikia yote. Mkwe hajibizwi.

Na ugomvi wenyewe uko hapo. Sisi Wasukuma, mama hakai karibu na mume wa binti yake. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, akishika njia hii nashika ile. Yeye amelelewa humo humo, anajua. Ila tangu anunue lile dude alikuwa amejidanganya kwamba viti vingi vimeondoa mwiko.

Alikuja asubuhi kunichukua, maana binti yangu alikuwa ameshikwa na uchungu, yuko kituo cha afya kule Segese. Mimba ya kwanza ilimharibikia akiwa peke yake ndani, na hii ya pili nilimwahidi kwamba nitakuwepo. Mkwe akasimama mbali, kanipa ubavu inavyotakiwa, akawa anaongea huku akiangalia zizi.

"Mama, kuna safu tatu za viti. Wewe utakaa kule mwisho kabisa. Itakuwa kama mmoja yuko Kahama, mwingine Geita."

Nikamgeukia mwanangu. "Mwulize na kile kioo cha juu ya dereva, kinacholeta sura za watu wa nyuma, atakiangalia kwa macho ya nani."

Mkwe akasema atakigeuza. Nikamwambia mwanangu amjibu kwamba sitaki kuendeshwa na kipofu. Nikaingia kwenye gari dogo, tukaondoka, yeye akafuata nyuma.

Tulipoipita Kahama, gari dogo likaanza kutoa moshi mweupe mbele. Mwanangu akafunua boneti, akasema rejeta imetoboka. Nililitukana gari lile, tena mbele ya mwanangu. Miaka yote nimelitetea, halafu siku ile ndiyo linakufa. Lile jeusi likasimama nyuma yetu, linanguruma taratibu, halina hata jasho.

"Mayu, dada anasubiri," mwanangu akasema.

"Kwani nimesahau? Mwambie shemeji yako akupe funguo. Wewe uniendeshe na lake, yeye abaki na hili."

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Akatoa funguo, akavua viatu vyake vya kung'aa, akachukua dumu na kuteremka mtaroni kutafuta maji.

Kupanda dude lile nilitumia magoti. Ndani baridi kama chumba cha maiti. Likawa linapiga kelele ti, ti, ti mpaka nikubali kufungwa mkanda kama ndama anayepelekwa mnadani. Barabara huisikii, vumbi hulisikii, unapelekwa tu. Lilikimbia, siwezi kusema halikukimbia. Nililichukia njia nzima, na njia nzima nilikuwa namwambia mwanangu akanyage mafuta.

Kwenye kituo cha afya binti yangu aliponiona aliuliza mume wake yuko wapi.

"Yuko njiani na gari la baba yako."

Alitaka kucheka, uchungu ukamkata. Nikamshika mkono. Aliniminya mpaka pete ikaniingia nyamani, nikamwacha aminye. Mtoto akatoka akilia, wa kike, mzima, baba yake bado anamwagia rejeta maji huko barabarani.

Baadaye mwanangu akaja kuniambia mkwe amefika, matope mpaka magotini, anauliza kama anaweza kuingia. Nikamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, nikachukua kanga yangu, nikatokea mlango wa nyuma.