Jibu Aliloliogopa Mzee Sponji

Mtaani walimwita Mzee Sponji, maana nywele zake hazikukosa vumbi la magodoro. Alikuwa fundi wa makochi, na binti yake ndiye aliyeshona vitambaa. Wateja walitania kwamba wawili hao hugombana kutwa, ila ugomvi wao hauonekani kwenye kochi.

Saratani ya tezi dume ilipompata, alichomwa sindano za kupunguza homoni, akatulia miaka miwili. Kisha kipimo cha damu kinachofuatilia saratani hiyo kikaanza kupanda tena.

"Kuna vidonge," daktari alimwambia. "Vinalenga seli za saratani zenye hitilafu fulani ya jeni. Kama huna hitilafu hiyo, havitakufaa. Tupime kwanza. Ila mzee wangu, mara nyingi hurithiwa. Ukiwa nayo, huenda na binti yako anayo. Kwa mwanamke, huongeza hatari ya saratani ya matiti."

Wiki tatu za kungoja zilimkondesha. Hata kuomba kulimshinda. Aombe awe nayo, amtakie mwanawe balaa? Aombe asiwe nayo, ajichimbie kaburi? Siku moja alivisha kochi zima kitambaa nje ndani.

"Baba, una nini?"

"Uzee."

"Uzee haukuanza wiki hii."

Akamweleza yote, macho sakafuni. Binti aliweka mkasi chini.

"Kama ninayo, ninayo tangu nilipozaliwa. Jibu lako haliniongezei wala halinipunguzii. Wewe omba upone."

Jibu likaja: anayo. Akaanza vidonge. Vilimchosha, chakula kikamkinaisha, na mara moja ikabidi aongezewe damu. Lakini mwezi wa tatu wa vidonge, kipimo kilikuwa kimeshuka zaidi ya nusu. Hakushangilia, kwa kuwa wiki hiyo hiyo binti naye alikuwa akingoja majibu yake.

Naye alikutwa nayo. Daktari alimweleza kwamba si mgonjwa, ila atachunguzwa kila mwaka, ili lolote likijitokeza lionekane mapema.

"Nisamehe, mama," baba alisema walipotoka.

"Kwa lipi? Na hii pua uliyonipa, utaiombea radhi lini?"

Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha machozi yakakataa kukoma.

Siku za uchunguzi wa binti, humsindikiza. Hukaa kwenye benchi la nje na gazeti asilolisoma, na kila mlango unapofunguliwa, husimama.