Mama Alipokuja Mpanda kwa Ndege

Nilifika Mpanda kwa treni. Kutoka Dar hadi Tabora nilikuwa na kiti. Kutoka Tabora nilikalia begi langu la zana za useremala, na treni ilisimama porini mara nyingi mpaka nikaacha kuuliza tumefika wapi. Nilishuka nina vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeshaishi Lindi, Singida na Kahama, na kote nilichoka. Hapa nilidhani nitakaa msimu mmoja.

Nikapata kazi mtaa wa Majengo, nikaoa, nikajenga Nsemulwa, humo humo mjini. Milango yote ya mninga niliiranda mwenyewe. Kilichobaki ni mama aione nyumba. Yeye anaishi Mbagala, na kwake mimi nilikuwa bado yule mtoto asiyetulia mahali.

"Nimesikia umejenga," aliniambia kwenye simu. "Lakini hapo ulipo ni Tanzania au Kongo? Miguu yangu hii, nikifika Chalinze tu imevimba."

Nikamkatia tiketi ya ndege. Kwa njia ya anga ni karibu kilomita mia tisa, saa mbili na kitu. Nilimweleza nikarudia. Alinijibu "ndiyo, ndiyo", kama anavyomjibu mtu anayemdanganya.

Siku ya kumpokea nilivaa shati la harusi yangu. Mama alishuka ngazi polepole, amekumbatia hotipoti kubwa kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na wali na kuku wa kukaanga, chakula cha njiani cha siku mbili. Hakuwa amekigusa.

"Nilisubiri tufike Dodoma ndio nile," alisema. "Mara yule dada wa kwenye ndege ananiambia, bibi, funga mkanda, tunashuka Mpanda!"

Nyumbani, jirani yetu, Mkonongo mwenyeji wa hapa, alifunua hotipoti, mvuke ukampiga usoni.

"Bibi, kuku huyu umemnunua hapo stendi."

"Nimemchinja mwenyewe alfajiri, Mbagala."

"Nyie watu wa Dar kwa uongo!"

Lakini alikula, na kabla ya jioni mtaa mzima ulijua kuku wa Mbagala amefika akiwa wa moto.

Mama alipoingia ndani hakukaa kwanza. Aliupapasa mlango wa sebuleni, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

"Hausugui chini," akasema. "Basi mwanangu umetulia."

Nilitoka nje kama ninayetafuta mkaa.

Aliporudi Mbagala, kila mgeni wake alisimuliwa Katavi, mkoa wetu. Lakini magoti yalizidi kuuma, ngazi za ndege zikamshinda, na mimi ndiye mwanawe pekee. Nikamwachia shemeji nyumba, nikaondoka moja kwa moja na mke wangu kwenda kumtunza. Miji mingine yote niliikimbia. Huu niliuacha kwa sababu niliitwa.

Ndege ilipoinuka nilibandika uso dirishani. Abiria wa kiti cha nyuma akaniuliza kama nimesahau kitu chini.

"Natafuta nyumba yangu," nikamjibu, kwa sauti ya kutosha hata watu wa mbele kusikia.